Rangi Isiyofika Feri

Samaki wote nimewajua kwa bei.
Changu kwa fungu, nguru kwa kipande,
kolekole kwa kilo na maneno mengi juu yake.
Nimekulia Feri, nyuma ya karai la mama,
nikitambua kwa mlio wa mafuta tu
kama aliyetumbukia ni tasi au pono.
Lakini hai? Hai sikuwahi kumwona,
ukiondoa pweza mmoja aliyeikataa ndoo
nilipokuwa darasa la tatu.

Jumamosi tuliondoka Kunduchi saa mbili asubuhi,
boti ya injini, watu sita, chapati za Ndeshi kwenye hotipoti.
Ndeshi ni wa Machame, samaki hali.
"Wananuka," husema, naye ndiye aliyenilipia nusu ya ada.
Mwalimu Msellem akanifunga mkanda wa risasi kiunoni,
akanibebesha mtungi,
mrefu kuliko ule wa gesi mama anaochemshia chai,
akasema: Pumua. Usiache kupumua.
Mengine tutajifunza njiani.

Kinyumenyume, kama mtu aliyeangushwa na kicheko,
nikaanguka.

Kwanza masikio.
Bana pua, puliza, *tiki*,
na jiji zima likanyamaza:
honi, jenereta, mama akigombana na muuza barafu.
Ikabaki pumzi yangu, ikiingia na kutoka
kama mtu mwingine aliyelala jirani.

Mita nne. Mita tisa.
Kando ya Mbudya kuna mahali palipopasuliwa,
matumbawe yamelala vipandevipande
kama vigae vya nyumba iliyobomolewa usiku.
Baruti, alikuwa ametuambia Msellem.
Nikawakumbuka wale samaki wa bei rahisi
waliokuja laini, mifupa imevunjika ndani kwa ndani,
na mama akiwanunua bila kuuliza.
Juu ya vigae, kitu cha zambarau
kisichozidi kiganja
kimeanza kuota.

Kisha wakaja.
Tasi, kundi zima, kama chenji iliyomwagwa
na mtu asiyeihitaji.
Pono akitafuna jiwe, nilimsikia, krr, krr,
kwa meno yale yale niliyoyachezea jikoni.
Mkunga akichungulia tunduni
kama mwenye nyumba tarehe thelathini.
Kiti cha pweza, pweza mwenyewe hayupo.
Kasa akapita juu yetu, hakusalimia mtu.

Nikampa Msellem dole gumba: safi!
Akanishika mkono, akaanza kunipandisha.
Huko chini dole juu maana yake ni twende juu,
nami nilishafundishwa, nikasahau.
Nikatikisa kichwa, nikacheka, maji yakaingia puani,
chumvi ile ile ya nyumbani.

Changu alikuja mwisho, peke yake.
Akasimama mbele ya kioo cha miwani,
changu, wala si changu.
Ubavuni mistari ya manjano,
na karibu na jicho buluu
inayowaka, inazima, inawaka,
sijui niifananishe na nini, sijawahi kuiona dukani.
Jicho likageuka. Likanipima.
Sijui aliniwekea bei gani.

Saa ya hewa ikasoma hamsini.
Tulipanda polepole, tukasimama kwenye mita tano
dakika tatu nzima, tukielea bila kusemezana
kama watu wanaosubiri namba yao benki.

Jioni mama alikuwa na oda ya watu wa semina,
changu arobaini ndani ya beseni.
"Haya, huko kwao wanauzwaje?"
Nilitaka kumweleza. Nikamwokota mmoja,
nikamgeuza chini ya balbu.
Kijivu. Kijivu cha sufuria.
"Mama, hii siyo rangi yake."

Akafuta mikono kwenye kanga,
akamchukua, akamsogeza hadi kwenye miwani yake.
Alikaa naye hivyo kitambo.
"Miaka thelathini na moja," akasema,
"nami nikidhani ndivyo walivyo."

Kisha akanipa kisu.
Mafuta yalishaanza kutoa moshi.