Mimi Natembea Nyuma

Onga makeo.
Saa kumi na moja, Lushoto bado giza,
nanyi mmesafiri usiku kutoka Tanga na joto lenu la mwambao,
mnafuka mvuke kama mikate iliyotolewa tanuruni.
Kaeni kwanza. Kabla ya mlima kuna viatu.

Mbelwa, hivyo vyako vimetoka dukani jana.
Vitakula vidole kabla ya saa nne.
Vua, uvae mabuti ya kaka yangu Hoza,
yamezeeka, lakini yana adabu.
Na wewe Semkiwa, manukato ya nini?
Mbega hawana harusi leo.

Sasa sikilizeni, sisemi mara mbili, pumzi ina bei.
Atakayetangulia ni Mwantumu, mwenye goti.
Ndiyo, yeye. Msicheke.
Mwendo wa goti lake ndio mwendo wetu sote.
Mimi natembea nyuma
nikisoma visigino,
maana mdomo husema "niko sawa" hata mtu akizama,
kisigino hakijajifunza uongo.

*

Huu ni mkulo. Ushike. Baridi, eh?
Hapa tunakunywa kabla ya kiu, tunakula kabla ya njaa:
kiazi kimoja, chumvi kidogo, basi,
hatukuja kula pilau ya maulidi.
Ukishindwa kuongea na mwenzako, unakimbia,
hata kama unajiona umesimama.

Mbelwa amenyamaza.
Alfajiri alitusimulia ligi yote ya Chuda, bao kwa bao,
sasa anahesabu mizizi.
Sikuulizi kitu, kaka. Chukua tangawizi, itafune polepole.
Mimi mara ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na tisa,
mzigo wa wageni kichwani,
nikatapika ndani ya kofia ya bosi.
Aliivaa? Thubutu! Aliniachia.
Ndiyo hii.

*

Simameni.

Ukungu huu siupendi.
Si ule wa asubuhi unaopita kama mama anayewahi gulio,
huu umekuja na mkeka wake.
Kilele kipo pale, ndiyo, hatua mia tatu, labda mia nne,
lakini mwamba umelowa
na upande wa kushoto hakuna upande.
Tunageuka.

Nichukieni, nimezoea.
Semkiwa, lia tu, najua uliweka akiba ya nauli miezi mitatu
kwenye kopo la maziwa.
Machozi huku hayana aibu, yanapoa haraka.
Ila mama zenu wana namba yangu ya simu.
Ya mlima hawana.

*

Mpanda ngazi hushuka, walisema wahenga;
hawakusema magoti yataimba vipi.
Kunja kidogo. Kanyaga kwa unyayo mzima.
Mzizi uliolowa usiusalimie.

Goti la Mwantumu limegoma, sasa yuko mwisho.
Na mtazame Mbelwa:
hakuitwa, hakutumwa,
amesubiri kwenye kona, amempa bega,
hasemi habari za mabao.
Macho yake yako chini,
kwenye visigino vya wenzake wanne waliotangulia,
kimoja baada ya kingine,
na midomo yake inacheza kama mtu anayefundishwa herufi.

Mimi kimya.
Navua kofia, naikung'uta maji,
nawapita taratibu kwenye majani,
nahamia mbele.