Saa Elfu Arobaini na Moja

Duka la Ndelilio lina upana wa mlango wake,
nyuma ya stendi ya Moshi,
limebanwa na fundi cherehani na muuza dawa za mifugo.
Nimempa karatasi: terabaiti ngapi, wati ngapi, shilingi ngapi.
Ameanza kusoma mstari wa mwisho.

Akanivutia jitu la chuma. "Hii ndiyo seva,
imetoka benki. Diski nane inabeba,
memori yake inajisahihisha yenyewe."
Akaliwasha.
Feni zikalia kama mashine ya kusaga kule Kiborloni,
fundi cherehani akaondoa mguu kwenye pedeli
akatutazama.
"Linakula umeme kiasi gani?"
"Inategemea."
Naijua hiyo inategemea.
Ndiyo iliyomaliza luku yetu mwaka wa friji mbovu.

Mimi sina mambo ya benki.
Nina katoni tatu za kanda.
Baba alipiga video Mbokomu hadi Uru,
harusi, vipaimara, mazishi, kamera begani, betri kiunoni,
na kila kanda aliiandika kwa kalamu ya bluu
jina la mwenye shughuli,
na chini, kwa herufi ndogo: bado hajamaliza kulipa.

Ukungu umeshaingia,
mweupe, kama unga uliopulizwa.
Ishirini na sita nimeziwahi, zimekuwa faili,
zote kwenye diski moja ya kubeba mkononi
ambayo juzi usiku ilianza kugonga,
tik,
tik,
nikakaa nayo mapajani hadi alfajiri
nisithubutu kuizima wala kuiacha.

"Chukua nne za mtumba kwa bei ya mbili mpya."
Nikamwambia anionyeshe umri wake.
Akachomeka, akaguna, akanigeuzia kioo cha kompyuta:
saa elfu arobaini na moja.
Ilikuwa ya kamera za sheli moja huko Himo.
Miaka minne na miezi minane, bila kulala,
inaandika magari yakiingia, magari yakitoka,
inafuta, inaandika tena.
Niliishika. Ilikuwa na joto la kiumbe.
Nikaionea huruma,
nikairudisha mezani.

Nilichoondoka nacho ni kijikompyuta cha ofisi,
kimetumika, kina mkwaruzo, hakina makuu,
na diski mbili mpya ndani ya nailoni zao,
moja iwe kioo cha mwenzake.
Chenji ikanunua betri ya akiba,
maana umeme wa Rau huondoka bila kuaga.

Ndelilio, akifunga boksi kwa kamba, akasema
jambo ambalo hakunitoza:
"Usikitegemee kioo, dada.
Kioo hakikumbuki, kinaiga.
Ukifuta huku kwa bahati mbaya, na kule kumefutika.
Tafuta ya tatu, ikae nyumba nyingine."
Basi ya tatu itakwenda Ngaramtoni, kwa Eliakunda,
ambaye hadi leo anadai kamera ilipaswa kuwa yake.
Tutaona.

Wiki nzima nimekesha na nyaya.
Mama amelalamika: kinanguruma.
Nimekihamishia juu ya kabati.
Amelalamika: kinamulika.
Nimekibandika plasta kwenye kijitaa.
Jumapili baada ya ibada akasema, haya,
niwekee harusi ya Aikande, pale pa ndafu,
nilipokuwa mwembamba.

Picha ikaja, ikayumba, ikatulia.
Mbuzi mzima na majani mdomoni,
mashangazi, vitenge, watoto wakigombea mbele.
Baba hayumo.
Katika saa zote hizo, katoni zote tatu, hayumo popote,
mikono yake ilikuwa na kazi.
Mpaka ikasikika nyuma ya kamera,
karibu mno, kama yuko chumbani:
"Sogeeni. Sogeeni kidogo, hamjaingia wote."

Mama, kwenye kochi, akasogea.