Nyuma ya Kabati

Ulisema, Chiwanga, hapa Dodoma mfereji wa bati ni anasa.
"Mvua yenyewe mgeni wa siku tatu,
atakunywa uji, ataaga."
Hela za mifereji ukanunulia kabati la mninga,
milango mitatu, kioo katikati.
Wanaume wanne walilisukuma
hadi likabusu ukuta.

Halikusogezwa tena. Miaka tisa.

Mwaka huu mgeni hakuaga.
Alikuja Desemba na mabegi yake,
akalala Januari, akaamka Februari.
Nkuhungu yote ikawa bwawa, vyura wakaimba hadi vyooni,
na sisi tuliozoea kufunga na kusali ili inyeshe
tukatazamana kanisani,
hakuna aliyethubutu kuomba ikome.

Kwanza ilikuwa harufu.
Nikavituhumu viazi, nikavituhumu viatu vya Yoeli,
nikamtuhumu panya aliyefia pasipojulikana.
Kisha Damari akaanza kukohoa usiku,
kikohozi kikavu katika nyumba mbichi,
na daktari, bila kuinua macho kwenye karatasi, akauliza:
"Mama, huyu analala chumba gani?"

Siku hiyo nikaita vijana, tukalivuta kabati.

Sijui nilitegemea nini.
Ukuta ulikuwa umeota manyoya.
Meusi kule chini, kijani kiunoni,
na juu, karibu na dari, weupe wa unga wa uwele
uliomwagwa na mtu asiye na haraka.
Plasta ilibonyea kidoleni kama uji uliopoa.
Na koti lako, lile la kijivu la harusi ya Lechipya,
lilikuwa na ramani mgongoni:
ziwa, mito, kisiwa,
nchi ambayo hukuwahi kunitajia.

Nikalianika. Nikalipiga fimbo. Nikalinusa, ndilo kosa:
hukuwamo tena. Mlikuwa na kuvu tu.

Mama Sakalani wa jirani akasema, paka rangi ya mafuta, yaishe.
Nilipaka.
Wiki ya tatu doa likachungulia
kama mdai anayejua uko ndani.

Basi nikapanda mwenyewe juu ya bati,
kama mama alivyokuwa akipanda juu ya tembe kule Mvumi
kila mvua ilipokatika, miguu peku,
akisikiliza kwa nyayo udongo ulipolegea.
Yeye hakuwa na dari ya jipsamu ya kumfichia.
Paa likilia, lilimlilia usoni.

Nikauona. Msumari mmoja, karibu na kofia,
bila raba yake.
Tundu dogo kuliko punje ya mtama.
Nikaikumbuka jioni ile: raba zimekwisha, duka limefungwa,
na wewe huko juu, shati limelowa jasho, unacheka:
"Mmoja tu, nani atajua?"

Ukuta umejua, Chiwanga.

Nimebandua plasta mpaka tofali.
Nimesugua kwa siki na brashi ya kufulia, kitambaa puani,
maji machafu yakinitiririka hadi viwikoni.
Godoro la Damari nimelichoma.
Koti, bado. Liko kambani, sijaamua.
Mifereji imefungwa, mipya, inang'aa,
na kila nikiitazama nahisi nimekubishia marehemu.

Fundi Ndahani anataka kupiga plasta kesho, anataka hela yake.
Nimemwambia angoje Julai,
angoje ule upepo tunaoulaani kila mwaka,
unaopasua midomo na kutia vumbi kwenye chai.
Madirisha yako wazi. Uingie, ukae,
ule chochote utakachokuta.

Kabati liko katikati ya chumba,
hatua mbili kutoka ukutani.
Usiku nikienda kumsikiliza Damari anavyopumua
najigonga nalo begani,
nalitukana,
kisha napita nyuma yake.