Robota

Ofisi yetu hapa Dundee ilikuwa kinu cha juti.
Kuta nene, madirisha marefu, na kwenye boriti
kulabu moja ya chuma ambayo hakuna aliyejali kuing'oa.
Chini yake ndipo penye meza yangu.
Saa tisa mchana, Desemba, taa zimeshawashwa,
mvua inaupiga mto Tay ubavuni.

Kazi yenyewe, ukiniuliza, ni hii:
mita za maji laki tatu, kutoka Perth hadi Arbroath,
kila moja inapiga hodi kwenye hifadhidata,
na hifadhidata haina nyumba moja:
kipande kiko Glasgow, kipande London, kipande Dublin,
kila kimoja kinamnong'oneza mwenzake alichosikia.
Maneno yaleyale njia nzima,
mita, mtaa, tarehe, lita, mita, mtaa, tarehe, lita,
na mwisho wa mwezi wenye waya wanatuletea ankara.

"Tubane," akasema Eilidh Geddes, mkuu wa zamu,
akimenya chungwa juu ya kibodi.

Nikabana.
Programu ikifika mlangoni hutaja kwanza
mibano inayoijua; seva huchagua mmoja; huafikiana
kama watu wawili kabla ya kupandisha kabati ngazini.
Baada ya hapo neno likishatajwa halirudiwi:
*rudi nyuma hatua arobaini, chukua herufi sita.*
Upande wa pili hufumuka lote,
hata nukta haikosekani.

Babu yangu alifanya kazi hii Muheza,
kwenye mashine ya kushindilia katani.
Nyuzi zilijaa chumba, nyeupe, zikimwingia puani;
anavuta wenzo, chuma kinashuka,
chumba kizima kinakuwa robota la kukalia.
"Mzigo haupungui," alisema. "Kinachopungua ni hewa."

Nilimwamini. Hata usiku mmoja, kwa utani,
nilizipitisha kwenye mbano wangu
barua za mama za miaka yangu ya bweni, kumi na tisa.
*Dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako.
Ama mimi ni mzima, hofu ni kwako
uliye mbali na upeo wa macho yangu.*
Zote zinaanza hivyo. Zote.
Kumi na tisa zikawa barua moja na robo,
na ile robo ilikuwa bei ya unga na nani kaoa.
Nikacheka peke yangu. Halafu sikucheka.

Jumanne Eilidh akaniita: "Njoo uone ajabu."
Kwenye grafu, jumbe nyingine zilikuwa zimenenepa.
Vijineno vya kujibu tu: ndiyo, sifuri, tayari.
Ndiyo, yenye baiti tano,
ilikuwa imevishwa koti la baiti ishirini na tatu
na kutumwa Glasgow ikiburuta mikono.
Tukaweka kizingiti. Chini ya baiti mia mbili
neno lipite lilivyozaliwa.

Simu ikatetemeka. Kibibi, dada yangu, Tanga:
"Imefika."
Ada ya watoto. Mwezi uliopita: "Imefika."
Wa kabla yake: "Imefika."
Baiti nane. Hapo hakuna hewa ya kutoa.
Na mimi je, huwa namwandikia nini?
"Nimetuma."

Nikavaa koti. Nikasimama chini ya kulabu
nikaandika kwa kidole gumba, polepole:
habari za jioni, habari za hapo nyumbani,
habari za watoto, habari za mguu wako,
habari za jirani mwenye kesi ya mpaka,
habari za yule paka.
Habari mara sita; sikufuta hata moja.
Ama mimi ni mzima. Hofu ni kwako.

Zikapita dakika mbili, labda tatu.
Eilidh alishazima taa za upande wake.

"Kwani umefukuzwa kazi?"

Baiti ishirini na mbili.
Nilizisoma mpaka kituo cha basi.