Risiti ya Punda

Jumatatu tuligawiwa simu, kila mtu na yake.
Bwana Kahindi wa hesabu alikuja nazo toka Malindi
ndani ya mkoba aliokataa kubebewa.
"Fomu zimekwisha," akasema. "Unapiga picha risiti,
unabonyeza Tuma,
na chai yako haijapoa, pesa zimekurudia."

Tukacheka kwa adabu.
Mimi ni fundi wa majokofu ya chanjo, mwaka wa tisa huu,
na miaka yote tisa nimeikopesha ofisi:
mafuta ya boti, vocha, wali wa Kizingitini.
Safari ya Oktoba nalipwa Machi,
pungufu ya mia mbili, "kwa sababu za kiutaratibu".
Nauli yangu mwenyewe nimeidai
kama mtu anayedai deni matangani.

Jumatano nikajaribu.
Mokowe, bodaboda: risiti hana, ila ujumbe wa malipo upo.
Picha. Tuma.
Simu ikalia kama tone linaloanguka birikani.
Boti ya kuvuka: nahodha kaniandikia
nyuma ya pakiti ya majani ya chai, na sahihi ndefu kuliko safari.
Picha. Tuma. Tone.
Imekubaliwa.
Nikasimama gatini Amu
kama niliyeokota pesa, kumbe ni zangu.

Kisha jokofu lenyewe, kilo arubaini na tatu,
mpaka zahanati ya nyuma ya Langoni,
kwa vichochoro ambamo watu wawili wanene
hupishana kwa kuombana radhi.
Aboud Shee akamleta punda wake, Zabibu.
Mia tatu na hamsini, hapungui.
Risiti tukaichana kwenye daftari la mwanawe,
ukurasa wa hesabu za kutoa,
akatia dole gumba.

Simu ikauliza: Chombo gani?
Gari. Pikipiki. Ndege. Treni.
Treni, Amu!
Nikachagua Nyinginezo.
Namba ya usajili?
Nikamtazama Aboud. Aboud akamtazama Zabibu.
"Hana namba," akasema. "Ana jina."
Nikaandika jina.
Herufi tatu, tarakimu tatu, herufi moja, simu ikanisahihisha.
Basi: ZAB,
004 kwa miguu yake,
P ya punda.
Imekubaliwa.
Aboud akachungulia kioo, uso umemshuka.
"Sasa si watamtaka bima?"

Usiku nikaenda kwa mamangu mdogo, Mwanahawa Lali.
Muuguzi. Kastaafu mwaka juzi.
Nilimpa kisa cha Zabibu akacheka mpaka akashika ubavu,
kisha akanyamaza, akaingia ndani,
akatoka na kopo la biskuti.
"Ijaribu na hizi."

Zilikuwa zimefungwa mpira, zimejikunja kama maganda ya mdalasini.
Siyu. Ndau. Mkunumbi. Siyu tena.
Nyingine zilikuwa nyeupe kabisa, wino umehama.
Yeye akazisoma hivyo hivyo, kidole juu ya weupe:
"Hii Ndau, mia nne themanini. Injini ilizima,
tukazifunika chanjo kwa kanga zetu.
Hii Mkunumbi. Hii
nilikopa kwa babako."

Nikapiga picha ya Ndau.
Haisomeki.
Nikaisogeza karibu na taa.
Haisomeki.
Ya Siyu ilikuwa na wino kidogo, ikaingia nusu:
Tarehe imepita siku thelathini. Wasiliana na ofisi.
"Niliwasiliana," akaiambia simu, si mimi.

Sikujua niseme nini. Nikamimina chai.
Ndipo simu ikatikisika juu ya jamvi,
akaiwahi yeye, akavaa miwani:
*Umepokea shilingi 350. Usafiri, ZAB 004P.*

Akausoma ujumbe mara mbili.
Akazikunja risiti zake, moja moja, akazirudishia mpira.
"Punda kalipwa," akasema,
akawa anatafuta kifuniko cha kopo.