Buibui Amepita?

Kila asubuhi, kabla hata ya kahawa,
shangazi Thuwaiba huniuliza:
"Buibui amepita?"
Nami hucheka, maana buibui lake mwenyewe
linaning'inia nyuma ya mlango, halijapita popote.

Nilimfungulia ukurasa mwezi wa Shaabani:
kofia za mkono, tundu ndogondogo, uzi wa hariri,
Mabela, nyumba ya pili baada ya duka la gesi.
Wiki tatu. Hakuna aliyebisha hodi.

Nikamweleza: mdudu huyu haoni kofia.
Anasoma maneno, na hutembea kwa nyuzi,
kutoka ukurasa huu hadi ule uliotajwa humo.
Asiyetajwa hafikiwi.
"Kumbe ni kama posa," akasema.
Basi nikamwomba Muatasim, muuza ubani wa Nizwa,
atutaje kwake.

Na akishasoma, hupeleka ghalani,
akachambua kama mchele:
"na" kando, "ya" kando, hayana uzito;
kofia hapa, hariri pale,
na chini ya kila neno, orodha ya milango.
Ndiyo maana ukiuliza, jibu huja hujapepesa jicho.
Haizunguki dunia mashine ile. Inafungua daftari.

Shangazi akaweka sindano chini.
"Liulize hilo daftari: Zuweina binti Khalfan."
Dada yake. Waliachana stesheni ya Tabora,
mmoja amevaa viatu, mwingine amevishika.
Nikaandika Zuweina. Nikaandika Zuena, Zwena,
nikaandika kwa herufi za Kiarabu.
Yakaja manukato, mchezaji mpira, hoteli moja ya Salala.
"Hayupo," nikasema.
"Hajaandikwa," akanisahihisha.

Usiku uleule akanitaka niongeze mstari
chini kabisa, baada ya bei na vipimo:
Thuwaiba anamtafuta dada yake,
na jina kwa tahajia zote nne,
na la tano, la utotoni: Zuzu.
Nikamwambia mazuzu ni wengi duniani.
"Andika."

Leo alfajiri nimeona kwenye kumbukumbu za mashine:
saa tisa na dakika nne usiku, alikuja.
Hakukaa hata sekunde.
Alisoma bei, alisoma vipimo, alifika chini.

Shangazi anatoka chumbani, ushungi begani,
hata hajauliza.
"Amepita," nasema.
Anakwenda kufungua mlango wa nje
na kuuacha wazi,
kiyoyozi kinanguruma, joto la Mabela linaingia.