Chupa ya Kijani

Tulifika bustanini kabla lango halijafunguliwa,
baba na mimi, na chupa ya kijani
aliyoiviringisha gazeti kama kitoto kichanga.
Bonde lilikuwa bado na ukungu kiunoni.
Milima ilikuwa imeamka vichwa tu,
mmoja mwekundu, mmoja rangi ya asali,
na ule wa mbali, tayari umeota mvi.

Zauri akaja na funguo na kikohozi chake.
"Mmechelewa. Wiki ijayo nalegeza boliti za bembea kubwa,
viti vinalala ghalani hadi Aprili."
Vidole vyake vyeusi kwa maganda ya jozi,
weusi usiosikia sabuni wala limau.
Mwezi huu kila mtu mjini anao,
hata kasisi, hata mwalimu wa piano.

Mto ulikuwa umekonda, mifupa yake ya mawe nje,
unaongea peke yake.
Jani la mwaloni lilinasa jiweni, likaushindania mkondo;
la pili likaja, likaligusa bega,
yakaenda.
Baba alisimama pale kupita ilivyohitajika.
Sikumuuliza.

Chemchemi iko ndani ya kibanda cha vioo vya rangi.
Maji yake yana uvuguvugu wa mate,
yananuka yai viza, yana ladha ya msumari.
Wageni hunywa funda moja, hutema, hupiga picha.
Mama aliketi hapa miaka kumi na tisa,
koti jeupe, akiwajazia watu bilauri,
hata mto alioulalia usiku
ulinuka chemchemi hii, kuliko mto huu wenyewe.

Sasa figo zake zimegoma.
Daktari, binti wa Kutaisi mwenye sauti ya chini,
amekataza chumvi,
na maji haya ni chumvi inayotembea.
"Hatakunywa," baba alimwambia. "Atasikiliza tu."
Binti akamtazama, kisha akatazama dirisha.

Basi baba akainama, goti likalia,
akaikinga chupa, akaijaza hadi shingoni,
akatega sikio, akamwaga.
Akajaza tena. Akamwaga.
Mara ya nne nikamshika mkono; ulikuwa barafu.
"Haisemi," akasema.
"Inatakiwa iseme mpaka orofa ya tatu."
Hospitali ni saa moja na nusu kwa basi, kona juu ya kona,
na gesi haina subira na kona.

Zauri alikuwa akifagia majani
ambayo miti ilimrudishia papo hapo.
Akaegemeza ufagio. Ushauri hakutoa.
Alitoa mfukoni kizibo cha mpira, sijui cha mashine gani,
akakifuta kwa shati,
akakigonga kwa kiganja mdomoni mwa chupa,
kikaingia kana kwamba kilizaliwa humo.
"Siku niliyotoka jeshini Lamzira alinipa maji bure.
Bilauri mbili."
Akarudia ufagio haraka,
kama mtu aliyeropoka.

Kwenye basi baba aliipakata chini ya koti.
Kila kona aliinua ukosi, akainamisha sikio.
Mama mmoja mwenye kikapu cha zabibu akauliza:
"Divai hiyo, ya mwaka gani?"
"Ya mwaka huu," akajibu, bila kucheka.
"Bado inachemka."

Nikageukia dirisha.
Ule mlima wa mbali, mvi zake
zilikuwa zimeteremka kidogo tangu asubuhi.